Tuwafundishe wanafunzi kuuliza "Umejuaje?"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata hapa Mto wa Mbu, wilayani Monduli, na huu ni mwaka wangu wa 22 kazini.

Kila Ijumaa baada ya vipindi huwa tuna mdahalo. Siku ninayoisema mada ilikuwa "Simu za mkononi zina hasara zaidi kuliko faida kwa mwanafunzi". Upande wa kutetea alisimama binti wa kidato cha tatu, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mbele za watu. Alikuwa amejiandaa. Kwa wiki mbili alikuwa ameandika kwenye daftari saa ambayo kaka yake huweka simu chini usiku na saa anayoamka, akatusomea siku moja baada ya nyingine kwa sauti ndogo, akashukuru, akakaa.

Akainuka kijana wa upande wa kupinga, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu makini, mtunza muda asiyeyumba! Msemaji aliyepita alipata 12 kwenye mtihani wa hesabu. Huyo ndiye atuhesabie saa?" Ukumbi ulilipuka. Makofi, vigelegele, miguu ikigonga sakafu. Jaji nilikuwa mimi. Nilimpa yule kijana 9 kati ya 10 kwa kujiamini na ufasaha, upande wake ukashinda, tukafunga kwa wimbo wa shule. Yule binti hakusimama tena kwenye mdahalo hadi tunafunga muhula.

Nilikuja kulielewa nililofanya siku kadhaa baadaye, nikisahihisha madaftari nyumbani. Hoja ya yule mtoto haikuguswa na mtu yeyote. Ilikuwa na upungufu wake, na ungeweza kuulizwa kwa heshima kabisa: je, kaka mmoja anatosha kuwasemea vijana wote? Je, asingekesha hata bila simu? Hayo ndiyo maswali ya mdahalo. Badala yake alijibiwa kwa alama zake za hesabu, nami mwalimu wa lugha nikaligongea muhuri kosa hilo mbele ya wanafunzi zaidi ya 200.

Muhula uliofuata nilianza upya na kidato cha tatu. Nilianzia kwenye methali, kwa sababu ndiko wanafunzi wetu wanakokimbilia wakiishiwa hoja. Mtoto akisema "wahenga walinena", ukumbi unapiga makofi na jaji anaandika alama. Mimi nimezifundisha methali miaka yote hii na ninazipenda kama urithi. Lakini methali haithibitishi kitu, na ushahidi ni kwamba karibu kila moja ina mwenzake wa kuipinga. Mmoja atasema haraka haraka haina baraka, mwingine atajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na wote wawili watapigiwa makofi alasiri ile ile.

Basi tukaziweka ubaoni tukaziuliza: ukiitumia hii kama hoja, unakosea wapi? "Samaki mmoja akioza, wote wameoza": umemwona mmoja, umewahukumu mia. "Mtoto wa nyoka ni nyoka": umemhukumu mtu kwa ukoo wake kabla hajafungua mdomo. "Penye wengi hapaharibiki neno": umehesabu vichwa, ukaacha kupima neno lenyewe. Wanafunzi wakayapa makosa majina yao wenyewe. Kuna kosa la samaki mmoja, kosa la mtoto wa nyoka, kosa la penye wengi. Kile alichofanyiwa yule binti walikiita "kucheza mguu", kama beki anayeuacha mpira akampiga mshambuliaji. Wataalamu wa mantiki wana majina yao ya Kilatini kwa makosa haya. Sikuona sababu ya kuwabebesha wanangu Kilatini wakati wana maneno ambayo hawatayasahau.

Methali iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja". Hii haihitaji ushahidi kabisa. Ikithibitika umeshinda, isipothibitika unaambiwa ngoja. Niliwaeleza kisa cha Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, walifika na dereva wao kuchukua sampuli za udongo. Ulikuwapo uvumi wa wanyonya damu, uvumi ambao babu zetu waliujua kwa jina la mumiani tangu enzi za ukoloni. Wageni, gari, vifaa vya kuchimbia. Lisemwalo likawa lipo. Watu watatu waliuawa na wanakijiji. Darasa lilinyamaza. Mvulana mmoja akauliza, "Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kusema tuwaulize kwanza?" Sina jibu la swali hilo, Mhariri, lakini ndiyo sababu ya barua hii. Ninataka katika kila kijiji wawepo watu kumi waliozoea kusema "tuulize kwanza" tangu wakiwa na miaka 15, hata ikifika siku ya hatari liwatoke mdomoni bila kufikiri.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo. Sawa. Ila sheria inamfuata msemaji baada ya neno kutoka, na masikio yaliyolipokea yanabaki vile vile.

Sasa nieleze kisa changu mwenyewe, maana nisingependa mtu adhani kuwa haya ni maradhi ya watu wa mbali. Waliokuwa Mto wa Mbu mwaka 2011 wanakumbuka. Magari yalikuja usiku na mchana, Noah, Coaster, malori yaliyotandikwa magodoro, namba za Kenya zikiwamo, yakakata hapa kuelekea Selela, Engaruka na Ngaresero, hadi kijiji cha Samunge, Loliondo. Huko Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, ambaye Tanzania nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Walikwenda maskini, walikwenda na viongozi.

Mama yangu alikuwa na maumivu ya magoti. Tulichanga nauli, akaenda. Alirudi siku ya nne akitembea vizuri, akashuka kwenye gari bila kushikwa mkono, na mimi nililia kwa furaha. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Jamani, kikombe kinaponya, mimi ni shahidi." Masika ilipokolea, magoti yakaanza tena kama zamani. Sikurudi darasani kusema hilo. Hakuna aliyenikataza. Halikunijia tu kwamba nalo ni habari.

Wanafunzi wangu wa sasa walikuwa watoto wachanga wakati ule, wengine hawajazaliwa. Niliwasimulia kisa chote, nikawaambia: mimi ni shahidi, niulizeni. Waliuliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Magoti yalikuwa yakiuma kila siku? Hapana, yalikuwa yakipanda na kushuka. Alikwenda wakati gani? Yalipomzidia. Kwa hiyo hata asingekwenda yangeweza kushuka? Ndiyo, yangeweza. Siku nne zile alifanya kazi gani? Hakufanya, hakuchota maji, hakuinama shambani, alikaa garini na kulala. Kumbe alipumzika? Ndiyo, labda kwa mara ya kwanza katika mwaka. Wakaliita kosa hili "kosa la kikombe": kimetangulia hiki, kikafuata kile, basi hiki ndicho kilicholeta kile.

Kisha yule binti wa daftari, aliyekuwa kimya muhula mzima, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wale ambao hawakupona, nani aliwahoji?"

Hapo tukaingia kwenye habari yenyewe ya magazeti na redio. Sisemi kwamba waandishi wa mwaka ule walidanganya. Nakumbuka pia ziliandikwa habari za wagonjwa waliofia kwenye foleni na tahadhari za madaktari. Wengi waliohojiwa walisema kweli jinsi walivyojisikia siku hiyo. Lakini mwandishi akisimama Samunge na kinasa sauti, anakutana na nani? Anakutana na aliyetoka kunywa sasa hivi, mwenye matumaini, mwenye nguvu za kusimulia. Aliyezidiwa mwezi uliofuata yuko kwenye mkeka nyumbani kwao, Singida au Kahama, na hakuna kipaza sauti kinachomfuata. Kila neno lililochapishwa linaweza kuwa la kweli, na bado msomaji akapata picha isiyo ya kweli. Miongoni mwa walioamini picha ile walikuwamo waliokuwa wakiishi na VVU, wakaacha dawa zao za kufubaza virusi. Simlaumu mzee yule, ambaye alifariki mwaka 2021. Ninasema habari ya hesabu tuliyoipiga sisi wenyewe.

Nina magazeti ninayofundishia, Mhariri, na ni vizuri ujue ninakoyapata. Mama anayeuza vitumbua karibu na stendi ananiwekea yale anayofungia, kabla hayajaingia mafuta. Ninayakunjua, ninatafuta mawili yaliyoandika tukio moja. Mara nyingi nakosa ukurasa, kwa hiyo nimejifunza kuwapa wanafunzi tukio wakaandika vichwa wao.

Wanaosahihisha Kiswahili wanalijua lile swali letu la ufahamu: "Pendekeza kichwa cha habari kinachofaa." Miaka yote tunalichukulia kama swali la alama za bure. Nililigeuza. Niliwapa kifungu nilichokiandika mwenyewe kuhusu mwaka 2021, wamachinga walipotakiwa kuondoka kandokando ya barabara za mijini na kwenda maeneo waliyotengewa. Nikawagawa makundi, kila kundi likaandika kichwa. Wakaleta: "Wamachinga wapangwa upya", "Wamachinga watimuliwa", "Barabara zasafishwa". Tukio ni lile lile, hakuna aliyedanganya. Msichana mmoja, ambaye mama yake anauza mitumba, alikitazama kichwa cha tatu kwa muda. "Kinachosafishwa ni uchafu," akasema. "Kwa hiyo hapo mama yangu ni uchafu?" Walioandika kichwa kile hawakuwa wamekusudia hivyo. Walikuwa wamekisikia mahali, kikawatoka.

Siku hiyo mnyambuliko wa vitenzi ulipata maana darasani kwangu. Tunawafundisha kauli ya kutenda, ya kutendwa, ya kutendeka, wanazikariri kwa ajili ya mtihani na hawajui za nini. Chukua nyumba za bondeni. "Halmashauri imebomoa nyumba 30." Hapo mtendaji yupo, unaweza kumwendea ukamuuliza. "Nyumba 30 zabomolewa." Mtendaji ameondoka, umebaki mlango wazi tu aliotokea. "Nyumba 30 zabomoka." Sasa hakuna mtendaji kabisa, nyumba zimejiangukia zenyewe. Silabi moja, na mtu mwenye dhamana ametoweka. Kijana aliyelalamika siku zote kwamba kauli hizi zinachosha ndiye aliyeanza kuniletea mifano aliyoisikia redioni: "risasi zafyatuka", "fedha zapotea", "gari lagonga". Fedha zapotea zenyewe? Gari halina dereva? Kila mfano aliuandika na swali pembeni: nani? Sijui kama Kilatini au Kiingereza vinaweza kumficha mtu kwa wepesi wa namna hii. Kiswahili kinaweza, kwa hiyo somo la Kiswahili ndilo lenye wajibu wa kumfichua.

Nimepata upinzani, na nauheshimu. Mzazi mmoja alikuja shuleni akiwa amekasirika kwa sababu mwanawe alimuuliza mezani, mbele ya wageni, "Umejuaje, baba?" Alikuwa na haki ya kukasirika. Swali lilikuwa zuri na adabu ilikuwa mbovu, na kosa lilikuwa langu, maana nilikuwa nimefundisha swali bila kufundisha namna ya kuliuliza. Sasa tunajifunza vyote pamoja. Kwa mkubwa unasema, "Shikamoo baba. Samahani, hilo tumelipata wapi?" Tumelipata, sote, ili asione kwamba amewekwa kizimbani. Mwalimu mwenzangu wa elimu ya dini ya Kiislamu alinikumbusha kwamba wataalamu wa hadithi za Mtume wamekuwa wakiuliza hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000: umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na mtu huyo alijulikana kwa ukweli? Hakuna aliyewaona kuwa ni watovu wa adabu.

Wako wanaosema watoto wa shule za kata hawawezi mambo haya, kwamba ni ya chuo kikuu. Majirani zetu wameshalijibu hilo. Nchini Uganda, watafiti wa Makerere pamoja na wenzao wa Norway waliwafundisha watoto wa darasa la tano kupima madai ya tiba: kwamba mtu mmoja kupona hakutoshi, kwamba dawa kuwa ya zamani au kupendwa na wengi hakuifanyi iponye. Shule 120, watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya shule zilifundishwa, nusu hazikufundishwa, kwa bahati nasibu, ili kulinganisha kwa haki. Vipindi vilikuwa tisa tu katika muhula mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika shule zilizofundishwa, watoto 69 kati ya 100 walifaulu mtihani uliotungwa kwa ajili hiyo. Katika zile nyingine, 27. Hao ni watoto wa msingi, na mazingira yao hayapishani sana na yetu. Baadaye kazi hiyo ilipelekwa sekondari, Uganda kwenyewe, Kenya na Rwanda.

Kwetu maneno "fikra tunduizi", yaani kufikiri kwa kuhoji na kupima, tunayasikia katika kila semina tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024. Ninafurahi kuyasikia. Lakini kila mwalimu anajua swali la kwanza la mwanafunzi akiona jambo jipya ubaoni: "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" Nikijibu hapana, kalamu zinawekwa chini. Simlaumu mtoto, anajua anachopimwa nacho. Na ufahamu tunaompima nao unamtaka arudishe alichosema mwandishi. Mwandishi ametaja sababu ngapi? Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika. Hakuna swali linalomtaka aseme kama mwandishi ameonyesha alichodai.

Kwa hiyo ombi langu kwa Taasisi ya Elimu Tanzania na Baraza la Mitihani ni dogo. Siombi somo jipya, wala kitabu kipya, wala semina. Naomba swali moja la alama tano katika sehemu ya ufahamu ya kidato cha nne: "Taja dai moja la mwandishi ambalo hakulitolea ushahidi, na ueleze ungeuliza nini ili kulithibitisha." Liwekwe mwaka mmoja tu, na mwaka unaofuata walimu wa nchi nzima watalifundisha, kuanzia Mtwara hadi Bukoba, kwa sababu hawatakuwa na njia nyingine. Na kwenye midahalo naomba majaji wenzangu tukubaliane kwamba anayecheza mguu anakatwa alama, hata kama ukumbi mzima umesimama kumshangilia. Mimi nimeshaanza. Mara ya kwanza wanafunzi walizomea uamuzi wangu. Mara ya tatu wao wenyewe ndio waliopaza sauti "mguu! mguu!" kabla sijashika kalamu.

Kwako, Mhariri, nina maombi mawili. Gazeti likikosea ukurasa wa kwanza, masahihisho yatoke ukurasa huo huo, kwa herufi ambazo mzee bila miwani anaweza kuziona. Nimewatuma wanafunzi wayatafute masahihisho ndani ya magazeti ya vitumbua na wamenirudia mikono mitupu. Sidhani kwamba waandishi hawakosei miezi yote hiyo.

La pili ni la magazeti yasiyouzwa. Najua yanarudishwa kwa wakala na mwisho wake ni kufungia bidhaa. Kabla hayajafika huko, yakipakiwa kwenye basi la Arusha–Karatu nitayapokea mwenyewe stendi, na wenzangu wa shule nyingine za tarafa hii wako tayari kuyachukua. Yakiwa ya wiki iliyopita hayana ubaya, hata ya mwezi uliopita. Ila tafadhali yawe ya siku ile ile moja, na yasiwe ya kampuni moja.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili,
Mto wa Mbu, Monduli.